Sakafu Iliyotupeleka Bungoma

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeotesha miti ya Mlima Elgon kabla ya kuumba miguu itakayokanyaga mbao zake, akaipa mvua zamu yake na jua zamu yake, na mwanadamu hata akitaka vipi haharakishi lolote kati ya hayo. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Baada ya hayo, nawasalimu ninyi wa rika langu, mliokwenda shule bila viatu na leo mnaitafuta miwani nyumba nzima huku mmeivaa. Nataka kuwakumbusha habari za sakafu.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, nyumba yetu ya Kitale ilikuwa na sakafu ya mbao ngumu za mlimani, za rangi ya chai iliyokolea, zilizopangwa na fundi tusiyemjua kwa ajili ya mzungu tusiyewahi kumwona. Baba yetu, karani wa stesheni ya treni, aliipata nyumba ile mzungu alipokwenda zake. Majirani wengi karibu na msikiti walikuwa na sakafu za saruji, na wengine za udongo uliosiribwa kwa samadi, na hizo nazo zilikuwa na uzuri wake, maana mtoto alimwaga uji na hakuna aliyepiga kelele. Kwetu, uji ukimwagika, mama aliuona kabla haujafika chini.

Siku za kawaida sakafu ile ilipigwa nta. Nta yenyewe ilitoka kwa warina asali wa mlimani. Mama aliivunja vipande, akaitia ndani ya kopo, na kopo akaliweka ndani ya sufuria ya maji ya moto. Kazi hiyo aliifanyia uani, hata kama kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Nta ikishayeyuka, aliliondoa kopo motoni, akalipeleka mbali kabisa na jiko, ndipo akachanganya tapentaini. Sisi tulikatazwa kusogea. Halafu ikaja sehemu yetu. Tulikuwa na makumbi ya nazi yaliyoletwa na Bibi kutoka Mombasa, yaliyokatwa nusu kwa nusu. Unaweka kumbi chini ya mguu mmoja, unajishikilia ukutani, na unacheza dansi ya mguu mmoja kutoka sebuleni hadi chumba cha wazazi. Baadaye blanketi kuukuu lilitandikwa, mdogo wangu Salma akaketi juu yake kama sultani, nami nikamvuta huku na huko mpaka mbao zikang'aa na mashavu yetu yakang'aa pamoja nazo. Watoto wa siku hizi hulipia kuteleza katika maduka makubwa ya mjini, wakavalishwa kofia ngumu na magoti ya plastiki. Sisi tulitelezea nyumbani, na tukianguka tulicharazwa kwa kuangukia kabati la vyombo.

Lakini nta ilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa vanishi. Ilifanywa mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, mahindi yamekwisha kuvunwa, na upepo mkavu ukishuka kutoka mlimani na kukausha hata mate mdomoni. Baba alipiga magoti na kipande cha kioo akaikwangua sakafu yote, kisha akaisugua kwa msasa, akaipangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, mara moja, mara mbili, maana alisema vumbi likibaki huzikwa hai ndani ya vanishi nawe utaliona kila siku ya maisha yako. Alipaka safu nyembamba sana. Tulidhani ni ubahili. Kumbe safu nene hukauka juu ikajifanya imekauka, na chini yake ikabaki mbichi kama andazi lililotolewa kwenye mafuta kwa pupa. Alipaka, akangoja mpaka kesho yake, akasugua kidogo, akapaka tena, akangoja tena.

Na kungoja huko ndiko kulikotupeleka Bungoma. Mama alifunga nguo zetu ndani ya shuka, akatupandisha basi, tukapitia Kiminini na Webuye mpaka kwa Shangazi, dada yake baba, aliyeolewa Bungoma. Tulikaa huko mpaka ujumbe ufike kwamba nyumba haina harufu. Watoto wengine walipoulizwa likizo yao inaisha lini walitaja siku ya kufungua shule. Sisi tulisema, "Sakafu ikikauka." Kwa hiyo tuliomba dua isikauke. Kwa Shangazi kulikuwa na uji wa wimbi wenye ndimu, njugu za Sirisia zilizokaangwa kwa chumvi, na miwa ambayo tuliimenya kwa meno hadi fizi zikatoka damu na bado hatukuacha. Tulicheza kati, ya kukwepa mpira, na bano, zile gololi, mpaka adhana ya magharibi, tukanawa miguu na kukimbilia nyuma ya safu za wakubwa tukihema. Salma alikuwa anakimbia kuliko wote. Nataka mlijue hilo. Mdogo wangu alikuwa anakimbia.

Mama alikuwa na maneno yake kuhusu vanishi, na nimeyasikia mara nyingi kuliko jina langu. Alisema, "Harufu hulala chini kama paka. Ukitaka kuijua, usisimame, inama." Na kweli, kabla ya kuturuhusu kurudi, alitoka kwanza nje akavuta hewa safi, kisha akaingia, akainama mpaka uso ukakaribia mbao, akanusa pembe zote nne. Tulimcheka. Hakujali. Alisema pia, "Pua ni kama mgeni. Ikikaa sana ndani haisemi tena." Ndiyo sababu alitoka nje kila mara kabla ya kunusa, maana aliyeshinda ndani atakuapia kwamba hakuna harufu, kumbe ameizoea tu. Vitambaa vilivyolowa mafuta na vanishi havikurundikwa kamwe. Vilitandazwa uani kimoja kimoja juu ya seng'enge mpaka vikakauka kuwa vigumu kama ngozi, kwa sababu vikirundikwa huchemka vyenyewe na kuwaka bila kiberiti. Madirisha ya pande mbili yaliachwa wazi, hewa iingie huku na kutokea kule. Na jiko, taa ya chemni, kiberiti, vyote vilihamia jikoni kwa nje.

Sasa sikieni mwaka ule mmoja. Idi ilikuja wakati wa mvua za masika. Baba alikuwa amesafiri Desemba na kazi ya sakafu ikaachwa, na mama hakutaka wageni waikute imechakaa, tena mama mkwe akiwemo. Basi yeye na baba wakapaka vanishi mvua ikinyesha. Ninyi mnaoijua Kitale mnajua baridi yake ya msimu ule, na unyevu unaoingia hata ndani ya mtungi wa chumvi. Vanishi ikakataa kukauka. Tulirudishwa kutoka Bungoma kwa sababu Idi haimngoji mtu, na Bibi, mama yake baba, akafika kutoka Mombasa na masanduku yake.

Bibi aliingia, akakunja uso.

"Nyumba gani hii inanuka kama gereji?"

Akafunga madirisha kwa sababu ya baridi. Akatoa chetezo, akatia makaa, akatia udi, akapita chumba hadi chumba akifukiza na kusoma dua zake. Hakufanya baya. Nyumba yoyote ya Kiislamu inayotarajia wageni hufukizwa udi, na mkono wake ulikuwa mzito kwa udi kama mkono wa mtu mkarimu ulivyo mzito kwa sukari. Mama aliona. Midomo yake ilifunguka, ikafungwa. Mkwe hamkosoi mama mkwe mbele ya wageni. Baada ya muda kidogo nyumba nzima ilinukia kama ya bibi harusi, na kila aliyeingia alisema, "Mashallah, mashallah."

Mchana, vitanda vikiwa vimechukuliwa na wageni, Salma alilazwa mkekani, chini, sebuleni, apate usingizi kidogo. Mimi ndiye niliyetumwa kumwamsha ale. Alikuwa amekaa wima, ameshika mkeka kwa mikono miwili, mabega yakipanda na kushuka, na kifuani mwake mlikuwa na sauti kama ya mlango unaolilia mafuta. Midomo yake ilikuwa na rangi ya kunguru. Nilipiga kelele. Mama alikuja mbio, akapiga magoti kumbeba, na nilimwona akisita nukta moja, uso wake ukiwa pale chini karibu na mbao. Aliinusa. Chini ya udi wote ule, vanishi ilikuwa imelala pale pale ilipokuwa, haikuondoka hata kidogo. Ilikuwa imefunikwa tu, nasi tukaisifu.

Salma alipelekwa hospitali na Mungu akamrudisha kwetu, kwake zirudi sifa zote. Lakini kifua chake hakikuwa kile tena. Pumu ilimkamata siku ile na haijamwacha hadi leo. Rangi, vanishi, hata manukato ya dukani, humfunga pumzi. Baba aliporudi kutoka zamu ya stesheni na kusikia kwamba makaa yalizungushwa ndani ya nyumba iliyofungwa, yenye mvuke wa vanishi, alikaa chini pale pale kizingitini. Alisema tungeweza kulipuka sote na Idi yetu. Jioni Bibi, kwa kutaka kufuta machungu, alikuja tena na chetezo. Mama, ambaye hakuwahi kuinua sauti mbele yake, alikitwaa mkononi mwake kwa mikono miwili, akakitoa uani, akakimwagia maji.

"Mimi ninafukiza nyumba tangu hujazaliwa," Bibi alisema.

"Ndiyo, mama," mama akajibu. "Na mimi ninafungua dirisha."

Hawakusemezana mpaka Bibi alipopanda treni. Mwaka uliofuata alituletea makumbi mengine, gunia zima, na udi hakuleta.

Nimeyasimulia hayo yote ili mnielewe kwa nini mwezi uliopita sikutulia.

Mjukuu wangu Rukia ameolewa. Rukia alisomea Bungoma, akalelewa na Salma, maana Salma aliishia kuolewa kule kule, karibu na msikiti, na hakujaliwa mtoto wa tumbo lake. Kwa hiyo binti huyu ana bibi wawili, na yule wa Bungoma ndiye anayejua anapenda nini na anaogopa nini. Alisema wazi, "Nikahi yangu isomwe nyumba ya Kitale, na Bibi Salma akae mbele kabisa. Asipokuja, mimi sitoki chumbani." Salma naye alikuwa hajalala katika nyumba ile miaka mingi. Kila alipopanga kuja, ama kifua kilimkatalia ama mvua. Safari hii aliniambia kwa simu, "Dada, nitalala chumba cha mama. Nitandikie pale."

Vijana wakasema basi sakafu ifanywe upya, ipendeze kwenye picha. Nilikubali. Nani hapendi nyumba ya mama yake ing'ae? Nilitoa sharti moja, kwamba inunuliwe vanishi ya maji, isiyo na harufu kali. Fundi alikuwa Wekesa, kijana wa Kiminini, mchangamfu, mwenye mashine ya msasa inayonguruma kama posho mill ya kusaga mahindi. Kazi ya kukwangua aliimaliza upesi, na vumbi mashine ililinyonya yenyewe ndani ya mfuko, nikamwombea baba yangu na kipande chake cha kioo. Lakini mvua ikaanza, umeme ukakatika mara kwa mara, kazi ikasogea na kusogea mpaka Jumatano, nikahi ikiwa Jumamosi. Na Jumatano hiyo nilipotoka kuswali adhuhuri nilikuta safu ya mwisho imekwisha kupakwa, na macho yakaanza kuniwasha kabla sijafika mlangoni.

"Wekesa, hii si ya maji."

"Ile ya maji iliisha dukani, mama. Hii ndiyo inang'aa. Na ni ya kukauka haraka, imeandikwa hapa kwa mkebe. Masaa tu."

"Kukauka kwa kugusa, au kukauka kwa kuishi?"

Alicheka. "Si kukauka ni kukauka, mama?"

Hapana, si kila kukauka ni kukauka. Ukigusa kwa kidole na kidole kisinate, hiyo imekauka ngozi tu. Kutembea kwa soksi ni siku nyingine. Kurudisha viti ni siku nyingine tena. Kutandika zulia ni baada ya wiki kadhaa, na harufu hutoka kidogo kidogo muda wote huo, hasa kukiwa na baridi na unyevu. Mkebe huandikwa na watu wa nchi yenye jua. Wekesa alikuwa amejifunga barakoa ya kitambaa, ile iliyobaki nyumbani tangu siku za ugonjwa ule. Nikamwambia hiyo huzuia vumbi, mvuke haizuii. Yafaa ile yenye vichujio vya mkaa pande mbili. "Harufu ni kidogo tu, mama, mimi nimezoea," akasema, na nikamtazama kwa huruma, kwa sababu kuzoea ndiko kunakotisha.

Kuanzia hapo sikutulia. Nilifungua madirisha yote. Mvua ilipoelekea upande mmoja, nilifunga huo na kufungua mwingine. Nilibonyeza kidole gumba pembeni nyuma ya mlango, nikaondoka, nikarudi, nikabonyeza tena, mpaka Rukia akasema, "Shosho, wacha hiyo floor ipumue bana." Neno shosho, ndivyo vijana wanavyomwita bibi, nimelikubali kwa sababu ya uchovu tu. Nilikaa barazani na tasbihi, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Nilitoka hadi njiani kuvuta hewa, nikarudi, nikainama kunusa, magoti yakalia. Ilikuwa bado. Salma alipiga simu alfajiri, akapiga alasiri.

"Imekauka?"

"Bado kidogo."

"Dada, wewe tangu utotoni huna haraka. Nimeshafunga mzigo."

Ijumaa, niliporudi kutoka sokoni, nilikuta madirisha yamefungwa. Rukia na binamu zake walikuwa wamemaliza mashauriano na simu zao. Barazani palikuwa na jiko la makaa yaliyokwisha iva, tayari kuingizwa sebuleni kuipa sakafu joto, na kando yake chetezo kipya cha shaba pamoja na udi wa bei ya mahari.

"Fungueni madirisha," nikasema. "Hilo jiko lirudi jikoni."

"Shosho, ni udi tu. Harufu itaisha, Bibi Salma hatajua kitu."

Niliketi juu ya ngazi. "Kifua chake kitajua," nikasema. "Pua hudanganywa. Kifua hakidanganywi." Nikawasimulia habari ya mkeka na midomo ya rangi ya kunguru. Walikuwa hawajawahi kuisikia. Salma mwenyewe hupenda kusema kwamba alizaliwa na pumu, ili asimtaje Bibi vibaya.

Rukia aliutazama mlango wa sebule. Ile sakafu ilifanywa kwa ajili yake, mapambo yalikwisha nunuliwa kwa vipimo vya sebule ile, mpiga picha alikwisha elezwa asimame wapi. Nje kulikuwa na tope la kufika kwenye vifundo. Nilijua ninachomwomba. Na nilijua pia kwamba akikataa, itanibidi nimpigie Salma nimwambie abaki Bungoma, na sikuwa na mdomo wa kulisema hilo.

Alifuta macho na ncha ya mtandio. Akamgeukia binamu yake.

"Pigia watu wa hema. Tuweke hapa nje, na mbao za kukanyagia."

"Kwa matope, Rukia? Utaharibu gauni, maze."

"Gauni linafuliwa. Afadhali tope na Bibi kuliko sakafu bila Bibi. Toa hilo jiko hapa."

Huwa nawacheka vijana wetu. Wanapika ugali wakiangalia simu, na ukimwambia mmoja angoje maji yachemke anakuuliza kama hakuna njia ya mkato. Lakini siku ile nilimcheka kidogo sana, na nilimwombea sana.

Jumamosi Salma alishuka kwenye gari amevaa buibui jipya na kubeba kifurushi cha njugu, na kabla ya kunisalimu vizuri alikuwa anapanda ngazi. Nilimtangulia, nikasimama mlangoni.

"Mdogo wangu, hapa usiingie."

"Nini?"

"Sakafu haijawa tayari. Utalala kwa jirani, nimekutandikia vizuri. Nikahi iko hemani."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto. "Nimezaliwa chumba kile," akasema. "Unanifungia mlango wa mama?"

"Nakufungia."

"Nitapita tu. Niguse ukuta, nitoke. Nimeshakunywa dawa, na pampu ninayo hapa."

"Pampu ni ya ajali, Salma. Si ya kuitafutia ajali."

"Wewe umezeeka ukawa polisi."

"Nimezeeka, ndiyo. Wewe pia. Shuka."

Akashuka. Alikwenda kukaa hemani kiti cha mbele, akanipa mgongo, na mgongo wa Salma una maneno mengi kuliko midomo ya watu wengine. Wageni wakajaa. Sheikh akafika, akainua kanzu yake kuruka madimbwi kama kijana. Mvua ilinyesha kidogo juu ya turubai wakati wa hotuba, ikatulia kwa heshima wakati wa kuoza. Rukia alitoka akakaa karibu na Salma, pindo la gauni limelowa tope kama shati la mkulima wa mpunga, na Salma akalikusanya lile pindo mapajani mwake, akalishika hivyo mpaka dua ilipokwisha. Nilimsikiliza kifua. Nilikuwa nyuma yake, na kati ya maneno ya sheikh nilikuwa nasikiliza. Kilikuwa kimya.

Wageni walipokuwa wakila pilau, aliinuka, akanishika kiwiko bila kunitazama. Nilijua anataka nini. Nilimpeleka kuzunguka nyumba, tukasimama hatua kadhaa kutoka madirishani, upande ule upepo unakotoka. Madirisha yalikuwa wazi yote. Ndani, sakafu ya mama ilikuwa imelala kama maji ya mtungi, na mwanga wa alasiri uko juu yake wote, hakuna kiti, hakuna zulia, hakuna alama ya unyayo.

Enzi zetu vitu vilikauka polepole nasi tulitumwa mbali kungoja, na kungoja kwenyewe kulikuwa na utamu ambao sijui kama vijana watauonja. Leo kila kitu kimeandikwa haraka juu ya mkebe. Wana mashine tusizoziota, na nyumba zao zinang'aa kuliko zetu, lakini siku hizi sisikii mtu akimwambia mtoto, "Nenda kwa shangazi yako mpaka hewa iwe safi." Labda mashangazi wamekwisha. Labda hewa imekuwa kitu ambacho watu hawakitazami kwa sababu hakipigwi picha.

Salma aliitazama sakafu muda mrefu.

"Ni nzuri," akasema mwishowe. "Lakini haina watu."

"Watu wako hapa nje," nikamwambia. "Wanapumua."

Akanifinya kiwiko, kwa nguvu, kama alivyonifinya tukiwa watoto alipokubali jambo ambalo hakutaka kulikubali. Tukarudi kula.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akupanulie kifua chako na nyumba yako, akulindie wale wanaolala chini na wasioweza kujisemea, akupe ndugu wa kukuzuia mlangoni unapotaka kuingia pasipofaa, na akupe moyo wa kumsamehe kabla chakula hakijapoa. Amin.